Kofia ya ngozi ya rubani: mwenye wa kwanza ni nani?

(Hotuba tuliyotoa mbele ya wamemba katika mkutano wa Piana-Mwanga. Tunaiandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafazili wetu walio mbali.)

 

Tangu siku mama mmoja, memba wetu, alipoleta ile kofia mu ofisi, maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema ni kofia ya vita ya 14-18. Wengine wanasema ni ya yule rubani Mubeleji aliyeanguka na ndeke upande wa Kalemie. Wengine wanauliza tu: inalipa ngapi? Leo tunataka kueleza tulichofanya, tulichokiona, na kile tunachoomba mkutano uamue. Jina la mama hatutalitaja. Yeye mwenyewe iko hapa kati yetu, na amekubali tueleze.

Kwanza, kofia yenyewe. Ni ya ngozi ya kahawia, inafunika kichwa chote na masikio, na inafungwa chini ya kidevu kwa mkanda na bakuli. Juu ya kila sikio kuna kifuko kilichofura, chenye zipu. Baba wa mama alikuwa anafanya kazi ku santrali ya stima, hapa ku maporomoko ya Luvua, ile santrali ambayo kampuni ya Géomines ilijenga mu mwaka wa 1933 kwa ajili ya mashini za mgodi wa Manono. Mwaka wa 1960, wakati wazungu wengi walikuwa wanafunga masanduku yao, mmoja alimwachia ile kofia. Hakumwambia ilitoka wapi. Baba aliivaa mu baridi ya mwezi wa sita, akipanda baiskeli asubuhi.

Vita ilipofika, mama alikimbilia Zambia, na kambi yake ilikuwa Mwange. Hakuchukua kofia kwa sababu ya uzuri. Aliichukua kwa sababu ngozi haipitishi maji haraka. Ndani yake alikunja karata ya ubatizo ya watoto, buku ya kazi ya baba yake, na baadaye karata ya posho ya kambi. Alivuka mvua na kofia kifuani. Karatasi zile ziko mpaka leo, na kwa ile buku ya kazi mama aliweza kuonyesha ku shefu kwamba parsela ya baba yake ni ya baba yake. Kwa hiyo, bandugu, mbele hata ya kuuliza kofia ni ya nani, tuseme hili: hii kofia imetumikia jamaa moja ya hapa zaidi ya miaka 60.

Sasa ulizo linatoka wapi? Linatoka kwa mnunuzi mmoja aliyepita hapa. Alitaja bei ambayo ingetosha mabati ya nyumba mbili. Kisha akaongeza neno: mukiniandikia karatasi, na muhuri wa shirika, kwamba ni kofia ya Thieffry, nitatoa mara tatu. Mama alikuja kutuuliza. Komite ikatuomba sisi wa tereni tufuate mambo, kwa sababu kazi yetu ya kila siku ni kutafuta: kutafuta wazazi wa watoto, kutafuta bandugu waliopotea njiani, kutafuta vijiji vya watu ambao hawajui tena jina la mto wao.

Na kweli, njia ni ile ile. Munakumbuka maulizo ya Msalaba Mwekundu mu kambi. Hawakuuliza jina peke yake. Waliuliza jina la baba, jina la babu, kijiji, shefu, mto ulio karibu, jina la utani, kovu usoni. Kwa nini? Kwa sababu jina moja linabebwa na watu wengi, lakini jina pamoja na mto na kovu linabebwa na mtu mmoja. Kwa kofia tulifanya vile vile. Kwanza kumsikiliza aliyeitunza. Pili kuangalia kitu chenyewe, bila kukisugua na sabuni. Tatu kuondoa wale ambao hawawezi kuwa wenyewe. Nne kuandika barua.

Tuanze na wale tuliowaondoa, maana hapa njo penye maneno mengi.

Bazee wanaosema 14-18 hawasemi bure. Jimbo letu liliona ndege za vita mbele ya sehemu nyingi za Afrika. Mwaka wa 1916 Uingereza iliwaazima Wabeleji ndege 4 za aina ya Short 827, zile zinazotua juu ya maji. Zilikuja kwa meli mpaka mdomo wa mto Kongo, zikapandishwa vipande vipande kwa reli na kwa mto mpaka ku ziwa. Ziliwekwa ku ziwa dogo la Tongwe, upande wa Mtoa, kaskazini ya Kalemie ya leo. Kazi yao ilikuwa kutafuta meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliyokuwa Kigoma. Mwezi wa Juni 1916 zilivuka ziwa na kutupa bomu ku Kigoma. Rubani mmojawapo, Aimé Behaeghe, hakurudi kwao: alikufa Niemba mu Desemba mwaka ule ule. Niemba munaijua wote, ni ku njia ya reli.

Neno moja juu ya ile meli, kwa sababu inatuhusu. Wajerumani wenyewe waliizamisha mu Julai 1916, mafundi wakipaka injini mafuta mazito ili isioze. Waingereza waliiinua mu 1924, na mu 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Ni ile Liemba munayoijua. Mwaka wa 1997 HCR iliitumia kuwarudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 waliokimbia vita ya Zaire. Kitu kilichotafutwa kwa bomu ndicho kilichokuja kubeba watoto wetu. Kitu kinaweza kubadili mwenye na kubadili kazi. Ila historia yake ya kwanza haifutiki kwa sababu hiyo.

Sasa, je, kofia yetu ni ya watu wa 1916? Hapana. Na je, ni ya Thieffry?

Edmond Thieffry alikuwa avoka wa Brussels. Mu vita ya 14-18 aliangusha ndege 10 za adui. Mwaka wa 1925, pamoja na Léopold Roger na Jef De Bruycker, alitoka Brussels tarehe 12 Februari akafika Léopoldville tarehe 3 Aprili, siku 51. Ndiyo mara ya kwanza ndege kutoka Ubelgiji kufika Kongo. Alirudi huku kujaribu njia za ndege za ndani ya inchi, na tarehe 11 Aprili 1929 ndege yake ilianguka karibu na ziwa letu, akafa. Leo kule Brussels kuna kituo cha metro chenye jina lake. Tunaelewa kwa nini mnunuzi analitaka jina hilo. Jina kubwa linauzisha kitu kidogo.

Lakini kofia inasema yenyewe. Tulipogeuza ngozi, chini ya mkanda wa ndani, tuliona kasheti imefifia: taji la mfalme, na herufi A na M. Hiyo ni alama ya Air Ministry, wizara ya ndege ya Uingereza. Chini yake kuna namba inayoanza na 22C. Mu magazini ya jeshi la anga la Uingereza, 22C ni rafu ya nguo na kofia za marubani. Na vile vifuko vya masikio vyenye zipu, vya kuwekea simu ya redio, ni vya kofia waliyoiita Type B, iliyoanza kutumiwa mu miaka ya 1930. Marubani wengi wa Uingereza waliivaa mu vita ya 40-45, na kuanzia 1941 ikaja nyingine, Type C.

Kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Behaeghe alikufa 1916. Thieffry alikufa 1929. Kofia ilishonwa nyuma yao wote wawili. Maiti hawezi kuvaa kofia ambayo haijashonwa. Kama shirika letu lingetia muhuri ku karatasi ya yule mnunuzi, tungekuwa tumeuza uongo. Na munajua sisi tunaishi kwa muhuri huo. Ni muhuri huo huo tunaoutia ku orodha ya jamaa zinazopokea mbegu. Ni muhuri huo huo wafazili wanauangalia wanapouliza kama mabati yamefika kwa wajane 14 au kwa wajane 10. Muhuri ukidanganya mara moja juu ya kofia, nani atauamini juu ya mahindi?

Tukaondoa pia wa tatu. Kijana mmoja alisema labda ni ya wale marubani Wakuba waliokuwa Albertville wakati wa Simba, mu 1964 na 1965, waliorusha ndege za T-28 kwa mapatano na Waamerika. Lakini baba wa mama aliipokea kofia mu 1960, na jirani wawili wazee, tuliowauliza kila mmoja peke yake, wanakumbuka kumwona nayo mbele ya msiba wa shefu wa zamani, na msiba huo wanaujua mwaka. Basi na wao tumewaondoa.

Nani amebaki? Zimebaki njia tatu.

Njia ya kwanza: mtu aliyepigana mu jeshi la anga la Uingereza, kisha akaja kufanya kazi mu mgodi au ku santrali. Wabeleji wengi walirusha ndege upande wa Waingereza mu 40-45. Walikuwa hata na vikosi vyao, namba 349 na 350. Kikosi cha 349 kilianzishwa Afrika, ku Ikeja mu Nigeria, mwaka wa 1942.

Njia ya pili: Kamina. Pale, kuanzia 1953 mpaka 1960, Ubelgiji ilifundisha marubani vijana juu ya ndege za Harvard, na jeshi lao la anga lilikuwa limerithi vyombo vingi vya Kiingereza. Kamina si mbali sana na Manono.

Njia ya tatu ni ile tunayoijua vizuri kuliko wote: mitumba. Nyuma ya vita, vitu vya jeshi viliuzwa kwa wingi, na kofia ya ngozi ilinunuliwa na mwendesha pikipiki, na fundi, na mtu wa shamba. Inawezekana aliyeivaa angani hajawahi kukanyaga udongo wa Kongo. Hilo nalo lingekuwa jibu, na tungelipokea.

Na sasa neno la muhimu. Chini ya kasheti kuna maandishi ya wino, ya mkono. Herufi 4 za jina zinasomeka. Kuna na namba ya tarakimu 5, lakini moja imekulwa na jasho. Zinasomeka 4.

Bandugu, msione ni kidogo. Mu jeshi lile namba ya mtu ni ya mtu mmoja. Tarakimu moja ikikosekana, hawabaki watu elfu. Wanabaki 10 tu, kwa sababu tarakimu ni kutoka 0 mpaka 9. Na gazeti la serikali ya Uingereza, London Gazette, lilikuwa linachapisha majina ya maofisa pamoja na namba zao, na leo kila mtu mwenye intaneti anaweza kulisoma bure. Tulikaa ku sayibere ya Kalemie, stima ikikatika na kurudi, tukatafuta zote 10, moja moja. Jina linaloanza na zile herufi 4 tulilipata moja.

Kisha tulitafuta mu daftari la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, lenye majina ya watu wapata milioni 1.7 waliokufa mu vita zote mbili. Hayumo. Maana yake, kama ndiye, vita haikumuua. Alirudi nyumbani, kama sisi.

Jina lile hatutalisema hapa, wala halitaandikwa mu gazeti letu. Kwa nini? Kwa sababu mtu ana watoto na wajukuu, na haifai wasikie habari ya baba yao kwa watu wengine mbele hawajaulizwa. Sisi wenyewe tunajua uchungu wa kusikia jina la ndugu yako barabarani, likitajwa na mtu asiyekujua. Tumeandika barua mbili, moja kwa idara inayotunza karatasi za jeshi, moja kwa makumbusho ya jeshi ya Brussels, yenye sehemu ya ndege. Tumeweka foto za kofia pande zote, za kasheti na za wino, pamoja na maneno ya mama vile alivyoyasema. Hatukuomba makuta. Tumeuliza tu: munamjua huyu, na jamaa yake ingependa kujua?

Kuna anayesema: tuna njaa, munatafuta mzungu wa zamani! Neno hilo tumelisikia, na halina ubaya. Tutajibu kwa mfano wa hapa hapa. Tarehe 8 Novemba 1960, ku Niemba, askari 11 wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walivamiwa, 9 wakafa. Mwili wa mmoja ulionekana miaka miwili nyuma, mu Novemba 1962. Hatutafuti leo kosa la nani. Wakati ule bazee wetu pia walikuwa wanazikwa kila siku. Tunasema tu kwamba kulikuwa na jamaa mbali sana iliyongoja miaka miwili. Na mu chumba hiki, nani hangoji? Nani hana mtoto, kaka, bwana, ambaye hajui kama aanze kilio au aendelee kutazama njia? Siku mtu wa mbali, asiyetujua, ataona karata ya ubatizo ya mtoto wetu mu sanduku lake, tunataka afanye nini? Aiuze? Aitupe mu moto? Au aulize?

Na tukumbuke wengine. Vile vipande vya ndege vya 1916 havikufika ku ziwa kwa kuruka. Mu vita ile mizigo ya jeshi ilibebwa kwa vichwa vya watu wetu, maelfu kwa maelfu, na wengi walikufa njiani. Jina la rubani limeandikwa, jina la mbebaji halikuandikwa. Kofia ina herufi 4 za wino, na kwa hizo 4 tunamfuata mtu miaka zaidi ya 70. Mbebaji hakuachiwa hata herufi moja. Ndiyo maana tunapigia kelele daftari: kuandika jina, jina la baba, kijiji, tarehe.

Sasa tunaomba mkutano uamue mambo manne.

Ya kwanza: kofia isiuzwe mpaka majibu yaje, au mpaka miezi 12 ipite. Katika miezi hiyo mama asipate hasara. Komite imependekeza kesi ya shirika imwazime bei ya mabati ya nyumba moja, bila faida, na alipe kwa mavuno mawili. Wafazili wetu, hapa ndipo msaada wenu utaonekana: si kununua kofia, ni kuijaza kesi.

Ya pili: jamaa ya rubani ikipatikana, mwenye kusema ni mama. Yeye na baba yake waliitunza. Akipenda kuirudisha, atairudisha. Akipenda kubaki nayo na kutuma foto, atabaki nayo. Mwenye wa kwanza ana haki ya kujulikana, lakini aliyetunza si mwizi. Tusiyachanganye hayo mawili.

Ya tatu: hakuna karatasi yenye muhuri wa shirika itakayotaja jina la mwenye kitu bila ushuhuda wa watu wawili waliosikilizwa mbalimbali, au alama ku kitu chenyewe. Kitu kisipojulikana, tuandike: hakijajulikana.

Ya nne ni nzito kidogo, tuvumiliane. Tuliporudi, wengi tulikuta nyumba zetu zina watu wengine, na sisi wengine tuliingia mu nyumba ambazo hazikuwa zetu. Kuna cherehani mu kijiji hiki ambayo aliyeishona nayo leo siye aliyeinunua. Kuna milango, kuna baiskeli, kuna foto za arusi za watu ambao hatuwajui, zimekaa juu ya makabati yetu. Hatuji kufungua kesi, wala hatuiti polisi. Tunafungua daftari la vitu. Mwenye kitu cha mwingine aje aandike: ni kitu gani, nilikikuta wapi, mwaka gani, kina alama gani. Mwenye kutafuta naye aje aandike. Shauri la kurudisha au kulipana litafanywa na bazee wa pande zote mbili, chini ya mti, kama desturi.

Kama tumeweza kumfuata mtu wa ng'ambo kwa herufi 4 na tarakimu 4, hatutashindwa kumpata jirani wa Luvua kwa jina zima.

Daftari liko pale ku meza. Mstari wa kwanza mama amekwisha kuandikisha: kofia ya ngozi, moja, imetoka Piana-Mwanga mwaka wa 1960, mwenye wa kwanza anatafutwa. Sekretere ana kalamu, na atakaa mpaka jua lizame.